Mgeni wa Swichi

"Karibu, mgeni wa Swichi," mama mwenye karakana akasema kwa Kiswahili, akiushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili.

Na karakana nzima ikamwitikia. Wapaka rangi, wachomeleaji, hata msichana aliyekuwa juu ya ngazi akibandika manyoya kwa gundi, wote waligeuka wakanitazama kwa furaha na kusema neno lile lile: mgeni, mgeni, mgeni wa Swichi.

Nilitabasamu. Ningefanya nini? Nilikuwa katika nchi ambayo tangu tushuke kwenye ndege sikuelewa hata kibao cha choo, na hapa kulikuwa na watu waliojifunza neno la kwetu ili wanikaribishe. Huwezi kuwanunia watu wa namna hiyo. Lakini tabasamu lenyewe lilikuwa la meno tu. Moyoni nilinywea.

Miaka mitatu nilikuwa nimemngojea Swichi. Miaka mitatu ya simu za jioni, ya "lala salama mpenzi", ya mtandao kukatika pale pale anapotaka kusema jambo la maana. Wanaume wenye akili zao timamu walinitaka, nikawakataa kwa sababu yake. Halafu nafika kazini kwake nakuta ninajulikana kwa jina moja. Si mchumba wake, si mpenzi wake. Hata kama angewaambia mimi ni rafiki, ningelimeza kwa maji. Mgeni ni mtu wa kupewa kiti na chai, wenyeji wakiulizana kwa macho ataondoka lini.

"Umesikia?" Shangazi aliniuliza bila kusogeza midomo, ufundi alioupata kwenye vikao vya misiba.

"Nimesikia."

"Mgeni siku mbili, mwanangu. Ya tatu?"

"Shangazi, tafadhali."

"Nauliza tu. Nimezeeka, methali zinanipotea."

Hakuna kilichowahi kumpotea Shangazi. Ni dada mkubwa wa baba yangu, na kwetu Baba ndiye anayetangaza uamuzi, lakini anayempa uamuzi wenyewe ni Shangazi. Safari hii ilikuwa yake kuliko yangu. Baba alikuwa amechoka na mchumba wa kwenye simu, na kuna mwenye duka la mbao, mgane mstaarabu mwenye gari lake, alikuwa ameshatuma watu nyumbani zaidi ya mara moja. Kwa hiyo Shangazi alitumwa aje amwone Swichi kwa macho yake. Akisema ndiyo, wazee wa Swichi wapokelewe. Akisema hapana, nimsikilize mwenye duka la mbao na nisilete maneno. Jioni ya siku hiyo, siku ya kanivali, sherehe ya barabarani ya mji ule, ndipo Baba alipopanga kupiga simu kuchukua jibu.

Swichi alitoka chini ya tumbo la jogoo akijifuta mikono kwenye suruali. Jogoo huyo ndiye aliyekuwa kazi yao: ndege wa mbao na karatasi ngumu, mrefu kuliko nyumba yetu, amesimamishwa juu ya tela la trekta, ana taa kwenye kila unyoya na spika mbili chini ya mabawa. Kila mtaa wa mji ule ulikuwa na pambo lake kubwa la kupitisha barabarani siku ya kanivali, na la mtaa wao lilikuwa hilo. Taa zote, jenereta na sauti vilikuwa mikononi mwa Swichi.

Hata jina lenyewe lilitokana na kazi hiyo. Nyumbani alikuwa fundi umeme wa mtaa wetu. Soketi ya saluni yangu iliungua mara moja tu, yeye akaja kuitengeneza mwezi mzima. Wateja wangu wakawa wakimwona mlangoni wanasema, "Msusi, swichi yako imefika," na jina likaganda.

"Mmekutana na Mama Bosi?" aliniuliza, uso umemjaa raha. "Amefurahi sana kukuona."

"Swichi, njoo hapa kidogo."

Nikamvuta mpaka kwenye kona yenye mabunda ya waya. Shangazi akajifanya anakagua kucha za jogoo.

"Umewaambia watu hawa mimi ni nani wako?"

"Mgeni wangu." Alisema bila aibu yoyote, tena akitabasamu. "Wanalipenda sana hilo neno. Unajua, walipo..."

"Na mchumba je? Ni refu kuliko mgeni?"

Tabasamu likamkauka. "Msusi, ngoja kwanza. Hapa kwetu mgeni si..."

"Hapa kwenu." Nililirudisha neno hilo taratibu ili alisikie vizuri. "Basi sawa. Wewe una kwenu, mimi nimekuja kutembea."

"Mbona unanigeuzia maneno? Nisikilize mpaka mwisho."

"Nimekusikiliza miaka mitatu."

Hapo nilitaka aseme jambo. Lakini mlangoni filimbi ililia, trekta likawashwa, na Mama Bosi akaanza kuita watu wake kwa mikono yote. Swichi alitazama mlangoni, akanitazama mimi. Nilimwona jinsi alivyopasuka katikati, na badala ya kumhurumia nikamwongezea.

"Nenda kazini. Mgeni anajua kukaa."

Nikikasirika masikio yangu yanabaki ya kuvalia hereni tu. Aliondoka akirudi kinyumenyume, akituelekeza kwa mkono tusimame kwenye ngazi za posta, tusiondoke, jogoo angepita hapo.

* * *

Ngazi za posta zilikuwa zimejaa, lakini Shangazi alipata nafasi. Ana namna yake ya kusema "samahani, mwanangu" kwa Kiswahili huku akisukuma kwa kiuno, na nimegundua lugha hiyo inaeleweka dunia nzima. Tukasimama juu kabisa, yeye amekumbatia mkoba wake kifuani.

Chini yetu barabara ilikuwa haionekani kwa watu. Walipita wapiga ngoma waliovaa fulana za rangi moja, wakapita wanaume wanaotembea juu ya magongo marefu, vichwa vyao vikifika madirisha ya ghorofa ya pili, na watoto waliovishwa mabawa. Vipande vya karatasi za rangi vilimwagwa kutoka juu vikatuingia mpaka ndani ya nguo. Siku nyingine ningecheka mpaka nishike mbavu.

"Mimi simchukii huyu kijana," Shangazi alisema ghafla, macho yake yakiwa barabarani. "Usije ukadhani nimekuja na hapana yangu ndani ya begi."

"Sijasema hivyo."

"Hujasema, lakini umeninunia tangu karakana kama vile mimi ndiye niliyekuita mgeni." Akanitoa karatasi kwenye nywele. "Ana adabu. Anajua kazi. Chumba alichotupangia kisafi. Lakini kijana mwenye adabu na mume ni vitu viwili. Ninachoogopa, mwanangu, ni wewe kuzeeka na simu mkononi. Nimewaona wanawake wa namna hiyo. Kila siku wanakwambia anakuja."

Nami nilikuwa nikiogopa jambo hilo hilo. Tofauti yetu ni kwamba yeye aliweza kulisema.

"Baba yako atapiga jioni. Nimwambie nini?"

"Mwambie ulichoona."

"Nilichoona bado hakijatosha. Nilichosikia ndicho kinachonisumbua."

Machozi yakanijia, na mimi silii mbele ya watu, hasa watu waliovaa mabawa. "Nakwenda chooni," nikasema.

"Unajua kilipo?"

"Nitauliza."

"Kwa lugha gani?"

Sikusubiri. Nilishuka zile ngazi nikaingia barabarani, na barabara ikanichukua.

Nasema ikanichukua kwa sababu miguu yangu haikuamua chochote. Nilitaka kuvuka tu upande wa pili nikae mahali pa faragha nijifute uso. Lakini kikundi cha wachezaji kilipita, watu wakakifuata, nami nikiwa katikati yao, tukakata kona moja, tukakata nyingine, na niliposhika mlingoti wa taa na kugeuka, posta haikuwepo tena. Mtu mmoja alinivika taji la karatasi akaendelea na safari yake. Kila nyumba ilifanana na mwenzake. Kila uso ulikuwa na kinyago.

Mimi ni msusi. Watu wengine wakikutana na mtu huanza usoni, mimi huanza kichwani. Nikiwa sokoni namjua mteja wangu kwa kisogo. Basi nilisimama pale nikitafuta kichwa kimoja tu ninachokijua, kilemba cha Shangazi au kisogo cha Swichi, na nilichoona ni wigi za kijani, wigi za zambarau, pembe, manyoya na makofia. Simu yangu ilikuwa chumbani, na hata ingekuwapo isingenisaidia, kwa sababu laini ya nchi ile tulinunuliwa moja na akapewa Shangazi, mwenye kazi ya kuripoti.

Nikaanza kuogopa kweli. Niliogopa kwa ajili ya Shangazi, peke yake juu ya zile ngazi, hajui hata jina la mtaa tunaolala. Niliogopa kwa ajili yangu. Nikamwuliza mwanamke mmoja, "Posta? Posta?" akanijibu kwa wema mwingi na maneno mengi, nisiambulie hata moja. Nikakaa kwenye kizingiti cha duka lililofungwa, nikavua taji, nikalia. Nilijiambia, ona sasa, mgeni hasa. Swichi hakusema uongo.

* * *

Aliyeniona kwanza alikuwa yule msichana wa manyoya. Alipita akikimbia, akasimama, akarudi, akanishika bega kana kwamba ningeyeyuka, kisha akapiga mluzi kwa vidole viwili. Kutoka kwenye umati akatokea Mama Bosi, kinyago amekipandisha juu ya paji la uso, jasho linamtiririka. Nyuma yake alikuja mzee mwembamba mwenye kipara, amebeba mtungi wa kuzimia moto kifuani kama mtoto mchanga.

"Mgeni," Mama Bosi akasema, akashusha pumzi ndefu. Akanikumbatia, akanitikisa, akanikumbatia tena. "Mgeni wa Swichi."

Najua nilikunja uso, maana aliacha kunikumbatia akanitazama vizuri. Alikuwa mwanamke mwerevu. Kiswahili chake kilikuwa cha maneno machache aliyofundishwa na Swichi, karibu, asante, polepole, chai, na hilo moja lililoniumiza. Alitazama machozi yangu, akafikiri. Kisha akamvuta yule mzee mwenye mtungi, akampiga kofi la mapenzi kwenye kipara.

"Mgeni wangu," akaniambia.

Nikadhani amekosea. Nikamwonyesha pete kidoleni mwake, nikamwonyesha ya mzee. "Mume," nikasema. "Huyu ni mume wako."

"Mume," alikubali, akilionja neno. Akatikisa kichwa. "Mgeni wangu."

Kisha akaanza kuigiza, pale pale barabarani, watu wakimpita. Akajifanya anafagia chumba. Akajifanya anapanga vikombe mezani, kimoja hapa, cha pili pale. Akatandika kitanda. Akaweka mkono juu ya macho akatazama mlangoni, akatazama sana, akakaa, akashika tama, akainuka akatazama tena. Kila alipomaliza kitendo kimoja alisema, "Swichi." Mwisho akaweka kiganja moyoni.

"Swichi," akasema. "Mgeni, mgeni, mgeni." Na akatikisa kichwa kwa masikitiko, kama unavyomsikitikia mtu asiyepona.

Msichana wa manyoya naye akanigusa, akanionyesha kwa kidole kijana mmoja mpiga tarumbeta aliyekuwa upande wa pili. "Mgeni," alininong'oneza, kisha akajificha uso kwa aibu, na Mama Bosi na mumewe wakacheka.

Ndipo nilipoelewa. Watu wale walikuwa wamelipata neno letu kwenye mdomo wa mwanamume anayefagia chumba akisema anangojea mgeni. Hawakujua kwamba kwetu mgeni anaweza kuwa mtu yeyote, hata wa kukujia na begi bila taarifa. Wao walijua ni yule mmoja tu, unayemngojea mpaka unakonda. Mama yule alikuwa ameolewa siku nyingi, ana mvi kichwani, na bado alimwita mumewe kwa neno hilo.

Nilitaka kumwambia nimeelewa na nikakosa lugha. Nikamshika mikono yake yote miwili, kama alivyonishika asubuhi. Na hapo ndipo muziki wa jogoo ulipokatika nyuma ya nyumba za jirani, spika zake zikakwaruza, na sauti ninayoijua tangu nizaliwe ikajaa mji mzima.

"Haloo. Hiki kitu kinasikika? Nibonyeze wapi?"

Sauti nyingine ikasema kitu kwa mbali.

"Aa, kumbe kinasikika. Haya. Wewe, mtoto wa kaka yangu. Popote ulipo, simama hapo hapo. Ulisema unakwenda chooni. Choo gani hicho kisichokuwa na kurudi?"

Umati ukapiga makofi. Hawakuelewa hata silabi moja, lakini Shangazi ana sauti ya watu kumi, na walidhani ni sehemu ya maonyesho. Wapiga ngoma wa karibu wakamwekea mdundo.

"Na nyie msinipigie ngoma, mimi siimbi," akasema Shangazi, na makofi yakaongezeka. "Mwanangu, sikiliza. Kijana wa watu huku amezima jenereta ya taa, ameacha spika tu. Amesema jogoo hatembei mpaka upatikane. Kanivali nzima imesimama nyuma yetu. Askari wamekuja, amewaambia hivyo hivyo. Amezunguka hizi barabara akimshika kila mwanamke mwenye nywele zilizosukwa, nusura apigwe. Kiatu kimoja kimempotea. Amesimama hapa mguu pekupeku, anatetemeka, na kila nikimwambia akae ananiambia, Shangazi nisamehe. Nimsamehe nini, wakati aliyepotea ni wewe?"

Mama Bosi alikuwa ameshanishika mkono, tukaanza kukimbia kuifuata sauti. Mzee na mtungi wake walitutangulia wakipasua njia.

"Shangazi, niazime," nikasikia Swichi akisema.

"Chukua. Lakini sema la maana."

Nilimsikia akipumua, barabara nzima ilimsikia.

"Msusi, ni mimi." Watu wakashangilia. Akasubiri. "Hawa watu hawaelewi ninachosema, kwa hiyo nasema. Nakupenda. Nimekupenda tangu ile soketi. Haikuwa imeharibika tena, unajua mwenyewe. Kama unataka kurudi nyumbani ukamsikilize mtu mwingine, nitaelewa, lakini kwanza nijue uko salama. Nikijua uko salama, hayo mengine tutazungumza. Basi tu ujitokeze."

"Wako wanaoelewa," sauti ya Shangazi ikasema pembeni.

"Samahani, Shangazi."

"Endelea, nimeziba sikio moja."

Sikumbuki nilifikaje. Nakumbuka kona, nakumbuka kichwa cha jogoo juu ya vichwa vya watu, na nakumbuka nilimwona Swichi kwanza kwa kisogo, akiwa amesimama juu ya tela ameelekea upande mwingine. Kisogo chenyewe kilikuwa kimenyolewa ovyo, huku kipara, kule vichaka. Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja.

"Nani amekunyoa hivyo?" nikapaza sauti kutoka chini.

Aligeuka. Aliruka chini na mguu wake mmoja pekupeku, nikasikia akitua vibaya, na sikupata nafasi ya kumwuliza kama ameumia kwa sababu alikuwa ameshanikumbatia. Alinishika kwa nguvu mpaka nikasikia moyo wake unavyokwenda mbio kifuani mwangu. Jasho lake, grisi yake, karatasi za rangi kwenye kope zake, vyote nilivitaka. Miaka mitatu nilikuwa nimesahau jinsi anavyonukia.

"Nilijinyoa mwenyewe," akasema hatimaye, mdomo ukiwa kwenye nywele zangu. "Kwa kioo cha bafuni. Sikutaka mkono mwingine ukiguse kichwa hiki."

"Basi umeharibu. Nikushike kesho nikurekebishe."

"Nishike tu."

"Swichi, yule mama amenieleza. Ile habari ya mgeni."

Akanisogeza kidogo anitazame. "Nilikuwa nataka kukwambia. Waliniuliza mbona sitoki nao Jumapili, mbona nina vikombe viwili na naishi peke yangu. Nikawaambia nina mgeni namngojea. Wakataka kujua mgeni ni nini, nikawaonyesha picha yako. Tangu hapo wamelichukua neno wakalifanya lao. Mara ngapi nimewasahihisha, halafu nikaona nawasahihisha nini? Wamepatia."

"Ungenishika pale karakana unilazimishe kusikiliza."

"Nani amewahi kukulazimisha kusikiliza?"

Juu yetu Shangazi, kipaza sauti kimemrudia mkononi, alikohoa. Kikohozi kikatoka kwenye spika zote mbili, na watu wakapiga makofi.

"Mkimaliza," akasema, "mnipandishe mtu mmoja aniondolee hiki kitu mdomoni. Na huyo askari anataka jogoo aondoke."

* * *

Jogoo akaondoka. Swichi aliwasha jenereta, taa zikawaka kwenye manyoya yote, na sisi watatu tukapanda juu ya tela, katikati ya miguu ya ndege, kila mtu akitupungia mkono kana kwamba tumefanya jambo kubwa. Mama Bosi alitembea mbele, mumewe kando yake. Shangazi alikaa kwenye sanduku la vifaa, mkoba kifuani, akiwapungia watu kwa heshima zote.

"Kijana," alisema bila kumtazama Swichi. "Huku unakaa mpaka lini?"

"Huyu jogoo ndiyo kazi yangu ya mwisho, Shangazi. Nilishamwambia Mama Bosi. Msimu ukiisha narudi nyumbani kwa kazi zangu. Nilikuwa nimepanga kuwaambia jioni hii, baada ya gwaride, nikiwa nimeoga na nimevaa viatu."

"Viatu vyote viwili?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Na wewe," akanigeukia. "Nyumbani wote tumesema, baba yako amesema, mimi nimesema, mwenye duka la mbao amesema. Wewe ndiye sijakusikia. Usiniambie nimwambie nilichoona. Nataka kukusikia wewe."

"Namtaka huyu," nikasema. Sauti yangu ilitoka nzito, lakini ilitoka. "Simtaki mwingine, Shangazi. Akiwa na viatu au hana."

Shangazi aliitikia kwa kichwa, taratibu. Simu yake ikaanza kuita ndani ya mkoba, maana Baba hana subira, jioni kwake huanza saa kumi. Akaipokea, akaweka sauti ya nje, akaisogeza karibu na uso.

"Dada, hizo kelele ni za nini?" sauti ya Baba ikauliza. "Mko harusini?"

"Bado."

"Sikusikii. Huyo kijana yukoje? Nataka neno moja tu, nimjue wa kumjibu. Ndiyo au hapana?"

Swichi alikuwa amepiga goti kwenye nyaya, ameshika kitu ambacho hakikuhitaji kushikwa. Nilimwona anavyojikaza asigeuke.

"Kaka, nisikilize," Shangazi akasema. "Leo mtoto wako alinipotea katikati ya watu. Tulia, yuko hapa, ni mzima. Alipotea, na mimi nimemwona huyu kijana akimtafuta. Nimesimama nikamwona mwanzo mpaka mwisho. Sina swali tena."

Tarumbeta zilipita, ngoma zikapita.

"Basi," Baba akasema. "Wazee wake waje."

Shangazi akafunga simu akageukia upande wa barabara, akajifuta macho kwa pindo la kilemba na kuendelea kupungia watu mkono.

Swichi hakuwa amesikia. Jenereta ilikuwa ikinguruma sikioni mwake, na uso alioniinulia ulikuwa wa mtu anayengoja kuambiwa habari ya mgonjwa.

"Amesemaje?"

Nikamwinamia. "Amesema wazee wako waje."

"Amesemaje?"

"Wazee wako waje, Swichi. Tutawapokea."

Akaniuliza tena, kwa mara ya tatu, macho yake yakiwa yamejaa machozi, na hapo nikajua alishasikia tangu mara ya kwanza. Nikamwambia tena.